Karani Hashauri

Muhtasari wa kikao cha familia huanza kwa maneno yaleyale: leo tarehe fulani, sisi ndugu wa marehemu fulani tumeketi, na kwa kauli moja tumemteua fulani awe msimamizi wa mirathi. Ukishapokea mihutasari ya kutosha unazoea kuyaruka hayo na kushuka chini, kwenye saini. Habari iko huko. Mimi nilikuwa natazama kalamu kwanza. Majina kumi na mawili yakiwa ya wino mmoja na mwandiko mmoja, basi kikao kile kilihudhuriwa na mtu mmoja. Kisha natafuta wanawake. Dada za marehemu wako wapi? Mjane ni namba ngapi? Marehemu aliyeishi na wake wawili, tena mtaa mzima ukijua, kwenye karatasi huwa amebakiwa na mmoja. Mwisho nayatazama madole gumba, maana dole gumba halina mwandiko na mtu yeyote aweza kuliazima.

Niliajiriwa ukarani wa Mahakama ya Mwanzo katikati ya miaka ya 1980, nikiwa na cheti cha kidato cha nne na kozi ya kupiga chapa. Sitaitaja mahakama yenyewe. Ilikuwa Dar es Salaam, upande wa Temeke, jengo lenye mwembe mbele na masijala ambayo mvua za masika zilikuwa zinaijua vizuri kuliko hakimu. Kesi ziliendeshwa kwa Kiswahili, hakimu akiwa na wazee wa mahakama pembeni, na enzi zile mawakili hawakuruhusiwa kusimama katika Mahakama ya Mwanzo. Kwa hiyo mtu aliyefika na kilio chake, uso wa kwanza kuuona ulikuwa wa karani. Anakusalimia, anavuta pumzi, anaanza: "Mama karani, hivi mimi nina haki?"

Karani mkuu aliyenipokea, mzee wa Kizaramo mwenye miwani iliyofungwa uzi, alinipa somo langu la kwanza kabla hata sijaonyeshwa meza. "Mwanangu, karani hashauri. Leo ukimshauri huyu, kesho anakuja mwenzake, na wewe umeshakuwa wakili wa mmoja." Nikaitikia. Lakini alikuwa mtu mwerevu, na niliona anavyofanya yeye. Hakuwa akishauri. Alikuwa akiuliza. Mama anakuja kulalamika kwamba mume anataka kuuza nyumba wanayoishi, mzee anapanga majalada yake, hata hamtazami, anamuuliza, "Na wewe umesaini kuridhia?" Yule mama anasema hajasaini kitu. "Ahaa," anasema mzee, kisha kimya. Mama anatoka pale ameshaelewa kwamba kumbe saini yake ina kazi. Sheria ya Ndoa ya 1971 inamkataza mwanandoa kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, lakini mzee hakuitamka sheria hiyo wala kifungu chake. Aliuliza tu.

Nikaishika njia hiyo, na ndiyo iliyonilisha miaka yote.

Maswali yenyewe ya wale watu yalikuwa machache kuliko ilivyoonekana kwenye foleni. Tumeishi miaka mingi bila ndoa, je, mimi ni mke? Sheria ya 1971 inasema mwanamume na mwanamke wakikaa pamoja miaka miwili au zaidi na jamii ikawatambua hivyo, hudhaniwa kuwa wameoana, mpaka mtu athibitishe vinginevyo. Watu walisikia "miaka miwili" wakaishia hapo. Ile "dhana" inayoweza kupinduliwa hawakuisikia. Nataka talaka, nianzie wapi? Baraza la usuluhishi la ndoa, wakupe hati kwamba wameshindwa kuwapatanisha, kisha uje. Wengi walikasirika kurudishwa, maana walikuwa wametoka mbali na kanga imelowa jasho, na baraza lenyewe lilikuwa na ndugu wa mume.

Kisha swali la mali. Hapa kila mwanamke wa mjini alikuwa amesikia jina la Bi Hawa Mohamed. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, Jaji Mkuu akiwa Francis Nyalali, ilisema kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa: kupika, kulea, kutunza nyumba, vyote vinahesabika hata kama hakuleta mshahara. Watu walilitaja jina hilo kwenye foleni kama wanavyotaja jina la shangazi aliyefika mbali. Jambo ambalo karibu hakuna aliyelijua ni kwamba Bi Hawa mwenyewe alitoka mikono mitupu. Mahakama ilikubali hoja, kisha ikasema mume alikuwa ameshampa fedha za mradi wa familia naye akazitapanya, kwa hiyo hana la kudai. Nimewahi kufikiri sana juu ya hilo, mwanamke kufungua mlango ambao mwenyewe hakupita. Waliopita ni wengine, na wengi wao waliponea kwenye stakabadhi: risiti ya saruji, daftari la mchezo wa upatu, barua ya fundi aliyelipwa. Ukinisikia leo namwambia binti aliyeolewa jana atunze risiti za bati, usinione mchoyo wa mapenzi.

Nirudi kwenye mirathi, kwa sababu huko ndiko nilikokaa zaidi.

Anayefungua mirathi Mahakama ya Mwanzo hujaza Fomu Namba 1, akaleta cheti cha kifo, barua ya serikali ya mtaa, wadhamini, na huo muhtasari. Kanuni hazikuutaja muhtasari kama sharti. Ni mazoea yaliyojengeka, na mahakimu waliyapenda kwa kuwa kikao hupunguza ugomvi. Lakini kwa jinsi nilivyoona, mirathi nyingi huharibikia kikaoni, na mahakamani huja zikiwa zimeshaharibika. Kikao hukaa siku ya kuvunja tanga au arobaini, watu wamechoka, wa mikoani wana tiketi za basi mkononi. Anateuliwa mtu anayeheshimika: kaka mkubwa, baba mdogo, mjomba mwenye gari. Hakuna anayethubutu kumuuliza mali ni zipi, maana kuuliza ni kama kumwita mwizi mbele ya msiba. Anapewa imani badala ya orodha. Anapopata barua ya usimamizi yenye muhuri wa mahakama, anaichukua kama hati ya kumiliki.

Msimamizi si mrithi. Anaweza kuwa mrithi pia, lakini usimamizi wenyewe haumpi hata sahani. Kazi yake ni kukusanya mali, kulipa madeni, kugawa, na ndani ya miezi minne kurudisha mahakamani orodha ya mali na hesabu, kwenye fomu zake. Fomu hizo tulikuwa nazo kabatini, safi kabisa, hazijaguswa. Waliorudi kuzijaza walikuwa wachache, na hakukuwa na mtu wa kuwafuata wengine mpaka siku mmoja wa warithi aje analia.

Halafu lipo lile swali ambalo hakimu lazima aliulize na familia hazilipendi: marehemu aliishi kwa sheria ipi? Tanzania Bara mtu anaweza kurithiwa kwa sheria ya Kiislamu, kwa mila, au kwa ile sheria ya India ya 1865 tuliyoachiwa na Waingereza, ambayo mara nyingi huwaangukia Wakristo walioachana na maisha ya kimila. Mjane mwenye watoto kwa Uislamu anapata thumuni. Kwa sheria ya 1865 anapata theluthi, na theluthi mbili zinakwenda kwa watoto. Kwa amri ya sheria za mila ya 1963, iliyoandikwa kwa makabila yanayofuata ukoo wa baba, mjane hana fungu. Fungu lake ni kutunzwa na wanawe. Mwanamke yuleyule, na nyumba ileile aliyoibebea maji ya kufyatulia tofali. Kwa hiyo utawaona ndugu ambao miaka yote hawakujua hata njia ya kijijini wanaapa mbele ya hakimu kwamba marehemu alikuwa mtu wa mila kindakindaki.

Wapo waliojaribu kuivunja amri hiyo. Mwaka 1990, kule Mwanza, Jaji Mwalusanya alisema mwanamke wa Kihaya anaweza kuuza shamba la ukoo alilorithi kama mwanamume, kwa kuwa katiba haibagui. Tulifurahi sana masijala, tukapitishiana nakala mpaka ikachakaa. Lakini wajane wawili wa Shinyanga, mafundi cherehani, walipoipinga amri ya 1963 yenyewe, Mahakama Kuu mwaka 2006 ilikiri kwamba ni ya kibaguzi, kisha ikakataa kuifuta. Wakaenda mpaka kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia ubaguzi dhidi ya wanawake, nayo mwaka 2015 ikasema Tanzania imewakosea. Nilipousoma uamuzi ule nilikuwa nimebakiza muda mfupi kazini, na amri ilikuwa bado kitabuni.

Shauri moja nitalieleza kwa urefu kwa kuwa lilinifundisha hesabu.

Alikuja bwana mmoja, kaka wa marehemu, mpole, shati limepigwa pasi. Karatasi zake zote zilikuwa kamili, kitu ambacho kwa kawaida humfurahisha karani. Mali iliyotajwa ilikuwa nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, vinne vina wapangaji. Muhtasari ulikuwa na majina mengi, na la mjane lilikuwepo, limepigiwa dole gumba. Lakini ndani ya jalada kulikuwa pia na nakala ya cheti cha ndoa, na humo bibi harusi alikuwa ameweka saini ya mwandiko mzuri, wa mtu aliyesoma, herufi zimelala upande mmoja.

"Shemeji yako aliumia mkono?" nikamuuliza.

"Hapana, mama. Yuko eda, hatoki."

Sikusema neno zaidi. Kumwambia kwamba analo dole gumba la mtu mwingine kungekuwa kushauri, au kushtaki. Nilizipanga karatasi mbili zile juu ya jalada, moja juu ya nyingine, nikampelekea hakimu. Alizitazama, akanitazama, akaahirisha shauri na kuagiza mjane aletwe au aandike barua mwenyewe.

Eda ya kufiwa ni miezi minne na siku kumi. Sijui kama aliyepanga muda wa msimamizi kurudisha hesabu aliwahi kuliwaza hilo, lakini mwanamke anaweza kuingia eda akiwa na nyumba na kutoka akiwa mpangaji. Masheikh wenyewe husema haja ya lazima humruhusu kutoka mchana; ndugu wa mume hawakuwa na haraka ya kumkumbusha. Mjane huyu alikuja na kaka yake, akaweka pingamizi kwa mwandiko uleule. Mahakama ikawateua wawili, yeye na shemeji yake, wasimamie pamoja.

Ndipo ugawaji ukaanza. Marehemu alikuwa Mwislamu, wazazi wake walikwisha kutangulia. Kwa mjane huyu aliacha mvulana na msichana, na kwa mke aliyemtaliki zamani aliacha kijana mkubwa. Shemeji alikuja mezani akiwa ametulia, maana alishapiga hesabu: thumuni ya vyumba sita haifiki hata chumba kimoja. Mjane apewe fedha zake kidogo, nyumba iuzwe. Mzee mmoja wa mahakama, aliyekuwa mwalimu wa madrasa, akaomba kipande cha karatasi. Toa thumuni. Kilichobaki gawa mafungu matano: mawili kwa kijana mkubwa, mawili kwa mvulana mdogo, moja kwa msichana. Sasa mjane ndiye anayewalea hao wadogo wawili. Thumuni yake na mafungu yao matatu yakiwekwa pamoja, ni karibu theluthi mbili ya nyumba. Anayepaswa kununuliwa ni kijana mkubwa.

Shemeji aliomba kuiona karatasi. Aliigeuza upande wa pili, kana kwamba kuna hesabu nyingine nyuma.

Kijana alikubali kulipwa polepole kwa kodi ya vyumba vinne. Iliandikwa kwenye jalada, na hesabu ilirudishwa, moja ya zile fomu chache zilizowahi kutoka kabatini.

Nilipostaafu nilidhani nitafuga kuku. Mtaa haukukubali. Nilihudhuria mafunzo ya usaidizi wa kisheria, na baada ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 tukawa watu tunaotambulika, wenye kusajiliwa. Nilipewa meza kwenye baraza la ofisi ya serikali ya mtaa huku Mbagala. Sasa naruhusiwa kushauri. Siruhusiwi kumwakilisha mtu mahakamani, wala kumtoza. Maisha yangu yote ya kazi, naona, nimepangiwa nusu ya mdomo.

Hapa barazani wanaongoza wapangaji. Ile sheria ya zamani iliyokuwa ikidhibiti kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo mkataba ndio kila kitu, nao mara nyingi ni karatasi ya daftari, au hakuna. Mwenye nyumba anataka miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo, dalali anataka mwezi wake, na mpangaji hana stakabadhi. Swali gumu kuliko yote huja mwenye nyumba akifa. Kodi apewe nani? Mtoto mkubwa amekuja Jumatatu, mke mdogo amekuja Jumanne, na Jumatano kaja mtu anayejiita msimamizi. Huwa namuuliza mpangaji: "Amekuonyesha barua ya mahakama?" Kama hakuna barua, zitenge hizo fedha, andika barua serikali ya mtaa kwamba unazo na unamngoja msimamizi halali. Wapo waliofuata. Wapo waliomlipa aliyepiga kelele zaidi, wakalipa mara ya pili.

Mashauri ya familia ya jiji hili yamehamishiwa Kituo Jumuishi cha Masuala ya Familia, pale Temeke, tangu 2021. Kuanzia Mahakama ya Mwanzo mpaka Mahakama Kuu, ndoa, mirathi na watoto vyote viko kwenye jengo moja. Nawasindikiza watu mpaka mlangoni. Vijana wa masijala wana kompyuta, na mvua haiwafikii.

Wosia ndio ninaouhubiri bila mafanikio. Ukimtajia mtu anakuuliza kwa nini unamtakia kifo. Namwambia kwa mila, anayejua kusoma na kuandika anahitaji mashahidi wawili, mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki, na anayerithi asiwe shahidi. Asiyejua anahitaji wanne. Namwambia RITA, wakala wa usajili wa serikali, wanapokea wosia na kuutunza. Anaitikia kwa kichwa, anaulizia bei ya kuku.

Ila mwaka uliopita mzee mmoja jirani alikuja mwenyewe. Ana nyumba, ana watoto wanne, na anayemuuguza ni binti yake wa tatu. Alitaka aandike wosia nyumba iwe ya huyo binti. Nikamweleza kwamba kwa Mwislamu wosia hauzidi theluthi, na mrithi hausiwi ila warithi wenzake waridhie. Kilichopo kwake ni hiba, ampe angali hai, tena akabidhi kweli, si kwa maneno.

"Nikimkabidhi leo, kesho si atanitoa?"

"Unamwonaje, atakutoa?"

Akanyamaza. Wiki iliyofuata alirudi na jambo ambalo hakuna aliyewahi kuniomba nilipokuwa mahakamani. "Mama karani, njoo nyumbani uwaulize wanangu mbele yangu. Mimi nikiuliza watalia."

Nilikwenda. Walikuwepo wote wanne, na chai na maandazi. Sikuanza na nyumba. Niliuliza kama kuna mtu pale anayejua leseni ya makazi ya baba yao iko wapi. Binti aliinuka, akaenda kabatini, akarudi na bahasha. Ndani mlikuwa na nakala. Halisi haikuwemo. Macho yakaanza kutembea chumbani, yakaishia kwa kaka mkubwa, ambaye alikuwa ameiomba mwaka juzi akaitoe fotokopi.

"Niliiweka mahali," alisema. "Kwa mkopo mdogo tu. Wa pikipiki."

Mzee aliuliza mdogo kiasi gani. Hiba ikawekwa kando, na daftari nililolileta kwa ajili ya majina ya mashahidi tukaliandikia tarehe ya mkopo, riba yake, na rejesho la mwisho lilikuwa lini.